Stakabadhi si korosho: pointa za Pascal kwa macho ya Mtwara

Mtwara, usiku, msimu wa korosho

Mtu aliyekulia kusini huku anajua pointa ni nini kabla hajagusa kompyuta, ila hakuna aliyemwambia kwamba anajua. Mkulima wa Tandahimba akishapima magunia yake kwenye chama cha msingi na mzigo ukapelekwa ghala kuu, kinachobaki mkononi ni karatasi. Karatasi haibanguliwi wala haikaangwi. Inaeleza mzigo uko ghala gani, kilo ngapi, daraja lipi. Mnada ukifika, karatasi ndiyo inayozungumziwa na magunia hayaondoki yalipo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na Pascal, lugha ya kuandikia programu ya Niklaus Wirth, Mswisi, ilikuwa imetoka tangu 1970, kwa hiyo hakuna aliyemwigia mwenzake.

Pointa ni stakabadhi. Ndani yake mna anwani ya mahali kwenye kumbukumbu ya kompyuta, basi. Kwenye mashine ya biti 64 inachukua baiti 8, kwenye ya biti 32 baiti 4, hata kama mzigo unaoelekezwa ni wa baiti 10 au milioni kumi. Hipu, ile sehemu ya kumbukumbu unayoomba nafasi programu ikiwa inaendelea, ndiyo ghala.

Mfano wa karibu:

type
  PGunia = ^TGunia;
  TGunia = record
    Namba: LongInt;
    Kilo: Double;
    Mkulima: string[30];
    Lijalo: PGunia;
  end;

var
  A, B: PGunia;

Mstari wa pili unamtaja TGunia kabla hajaelezwa. Pascal kwa kawaida ni kali, haitaki utaje jina usilolitangaza, lakini kwa pointa inalegeza kamba, mradi TGunia aelezwe ndani ya sehemu hiyohiyo ya type. Bila ruhusa hiyo gunia lisingeweza kulielekeza gunia lenzake.

Tupime uzito. Namba ni baiti 4, Kilo 8, Mkulima 31 (herufi 30 na baiti moja ya kuhifadhi urefu), Lijalo 8. Jumla 51. Lakini ukiuliza ukubwa kwa SizeOf(TGunia) kwenye Free Pascal ya biti 64 (kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya Pascal yawe lugha ya mashine), kwa mpangilio wa kawaida, inatoa 56. Baiti 5 za ziada ni nafasi tupu: 4 baada ya Namba ili Kilo ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, na 1 baada ya Mkulima kwa sababu ileile. Ukiandika packed record unarudi kwenye 51, ila kichakataji hakipendi kusoma Double iliyokaa upande. Kwa programu ya ghala, ziache hizo baiti 5.

Sasa alama ya kofia, ^, ambayo huwachanganya wengi kwa sababu ina kazi mbili. Ikitangulia jina la aina, kama ^TGunia, maana yake ni "stakabadhi ya gunia". Ikifuata jina la kigeu, kama A^, maana yake ni "gunia lenyewe, lililoandikwa kwenye karatasi A". Tofauti ya mistari hii miwili ndiyo nusu ya somo zima:

A := B;
A^ := B^;

Wa kwanza ni fotokopi ya stakabadhi. Karatasi mbili, mzigo mmoja, ukibadilisha A^.Kilo, B^.Kilo nayo imebadilika, maana ni kilo zilezile. Wa pili unanakili yaliyomo: magunia mawili tofauti, sehemu mbili tofauti, yenye maandishi sawa. Na hapo pana mtego usiosemwa mara nyingi. A^ := B^ inanakili kila kitu, Lijalo ikiwemo. Kama magunia hayo yako kwenye mnyororo, yaani kila gunia linaelekeza linalofuata kwa Lijalo, sasa yote mawili yanaelekeza gunia moja mbele yao, na lile lililokuwa likifuata A limepotea njia.

Kulinganisha nako kuna utata wake. A = B inauliza kama karatasi zinataja sehemu moja. Haiulizi kama kilo zinalingana. Ukiandika A^ = B^ kompaila itakataa, kwa kuwa Pascal hailinganishi rekodi nzima; linganisha kipengele kwa kipengele, A^.Namba = B^.Namba.

Nafasi ghalani inaombwa kwa New(A). Amri hiyo inatafuta baiti 56 zilizo wazi, inazitengea A, na kuandika anwani kwenye A. Kinachosahaulika ni kwamba New haifagii sakafu. Gunia jipya linakuta takataka za mzigo uliotangulia: Kilo inaweza kusoma namba ya ajabu, na Lijalo inaweza kuonyesha sehemu isiyokuwepo. Kwa hiyo mstari unaofuata New uwe huu, bila kungoja:

New(A);
A^.Lijalo := nil;

nil ni stakabadhi isiyo na maandishi. Ina faida moja kubwa, inaweza kuulizwa. Unaweza kuandika if A <> nil, lakini huwezi kuuliza kama anwani fulani ni takataka, maana takataka nayo inafanana na anwani halali. Vigeu vya jumla kwenye Free Pascal huanza vikiwa sifuri, yaani nil. Vya ndani ya prosija (kipande cha programu chenye jina lake, kinachoitwa kufanya kazi moja) havianzi hivyo. Programu iliyokuwa ikienda vizuri pointa zikiwa juu, ikaanza kuanguka siku pointa zilipohamishiwa ndani ya prosija, mara nyingi ugonjwa wake ni huo.

Ukisoma A^ wakati A ni nil, programu inasimama na kosa namba 216, au ukiwa unatumia maktaba ya SysUtils unapata EAccessViolation. Watu huliogopa kosa hili. Mimi naliona ni la kiungwana: limekukamata palepale, kwenye mstari wenyewe. Makosa mabaya ni yale yanayokuacha uendelee.

Mfano wake ni stakabadhi ya mzigo ulioshatoka. Fikiria mama kafika dirishani na karatasi yake, karani anamwambia, "Mama, mzigo huu ulishauzwa mnada wa juzi, sehemu ile sasa ina korosho za chama kingine." Ghalani kuna karani wa kusema hivyo. Kwenye Pascal hakuna karani. Dispose(A) inarudisha nafasi kwa hipu, lakini haiichani karatasi iliyo mkononi mwako, na mara nyingi A inabaki na anwani ileile ya zamani. Ukisoma A^.Kilo baada ya hapo huenda ukapata kilo sahihi, kwa kuwa hakuna aliyepanga mzigo mpya pale. Kesho, New nyingine ikipewa sehemu hiyo, unasoma kilo za mtu mwingine, na ukiandika unaharibu hesabu zake. Ndiyo maana hitilafu ya namna hii huonekana mbali na pale ilipozaliwa.

Kuandika A := nil mara baada ya Dispose(A) kunasaidia, na ni tabia nzuri. Ila isikudanganye: kama B ilikuwa fotokopi ya A, B bado ina anwani ya sehemu iliyorudishwa. FreeAndNil, inayotumika kwa vitu vya klasi, ina upungufu huohuo. Inasafisha karatasi moja tu, ile uliyoipa.

Kinyume chake ni kuandika A := nil bila Dispose ukidhani umefungua nafasi. Umechana stakabadhi, gunia bado liko ghalani, na hakuna tena anayejua liko wapi. Huko ndiko kuvuja.

Sehemu inayoonyesha yote haya kwa pamoja ni kuvunja mnyororo. Karibu kila anayejifunza huandika hivi mara ya kwanza:

while Sasa <> nil do
begin
  Dispose(Sasa);
  Sasa := Sasa^.Lijalo;
end;

Inasomeka vizuri kwa lugha ya kawaida: toa gunia, nenda linalofuata. Lakini anwani ya linalofuata ilikuwa imeandikwa kwenye gunia ambalo umeshalitoa. Kinachouma zaidi ni kwamba huenda ikafanya kazi kwenye mashine yako leo, kwa sababu maandishi hayajafutwa bado. Inayostahili ni hii:

while Sasa <> nil do
begin
  Mbele := Sasa^.Lijalo;
  Dispose(Sasa);
  Sasa := Mbele;
end;

Shika mkono wa mwenzake kwanza, ndipo umwachie huyu. Na mzunguko ukiisha, kigeu kinachoshika kichwa cha mnyororo kiwekwe nil, maana bado kina anwani ya gunia la kwanza lililokwisha toka.

Jambo la kichwa lina tatizo lingine. Prosija ya kuongeza gunia mwanzoni ikiandikwa procedure Ongeza(Kichwa: PGunia), inapokea fotokopi ya kichwa. Inaibadilisha fotokopi, inamaliza, na aliyeiita hana habari. Mnyororo unabaki vilevile na gunia jipya limevuja. Neno var mbele ya Kichwa linatatua yote.

Kuvuja kunadharauliwa kwa sababu programu ikifungwa, mfumo wa kompyuta unachukua kumbukumbu yake yote. Zoezi la darasani linaisha kwa sekunde mbili, hakuna anayeona kitu. Tuhesabu ya kazini. Programu inapakia orodha ya magunia 2,000 kila karani akifungua ukurasa, na haiirudishi. Hiyo ni 2,000 mara 56, baiti 112,000. Karani akiufungua mara 300 kwa siku, zimefika baiti milioni 33.6. Mashine isipozimwa siku sita za wiki, ni zaidi ya milioni 200. Kwenye kompyuta kuukuu ya RAM ndogo ndipo lawama zinapoanza: "leo imekuwa nzito", na dawa inakuwa kuizima na kuiwasha.

Free Pascal ina karani wake, ila ni lazima umwite. Tengeneza programu kwa amri hii:

fpc -gh -gl ghala.pas

-gh inaweka heaptrc, inayohesabu kila nafasi iliyoombwa na kila iliyorudishwa. -gl inaongeza namba za mistari. Programu ikifungwa inatoa ripoti, na mstari wa kutafuta ni unaofanana na huu:

1 unfreed memory blocks : 56

Gunia moja limesahauliwa, baiti 56, ukubwa wa TGunia. Chini yake utaona namba za mistari. Hapa wengi wanapotea: mistari hiyo inaonyesha New ilifanyika wapi, haionyeshi Dispose ilipaswa kuwa wapi. Haiwezi kujua. Unaanzia kwenye New hiyo na kuufuata mzigo mpaka karatasi yake ya mwisho ilipopotea. Ukitaka ripoti iende kwenye faili, weka HEAPTRC="log=kuvuja.txt" kwenye mazingira ya mfumo kabla ya kuendesha.

heaptrc ina wema mwingine. Inapaka nafasi iliyorudishwa kwa baiti $F0, kwa hiyo ule mzunguko mbaya wa kuvunja mnyororo, uliokuwa unapita kwa bahati, sasa unasoma anwani iliyojaa F0 na kuanguka papo hapo kwa kosa 216. Jaribu hivyo kila wakati, kisha itoe unapompelekea mtumiaji, kwa sababu inapunguza kasi.

Kitu kinachowashangaza hata wazoefu ni matini ndefu. Badala ya string[30], ukiweka AnsiString, rekodi haibebi tena herufi. Inabeba pointa ya baiti 8, na Pascal yenyewe inahesabu wangapi wanaishika matini ile. Dispose(A), ikiwa A ni PGunia, inajua ndani mna matini na inaiachia. FreeMem(A) haijui, inarudisha baiti za rekodi tu na herufi zinabaki zimevuja. Vilevile FillChar(A^, SizeOf(A^), 0) juu ya rekodi yenye matini ndani inafuta pointa bila kupunguza hesabu. Kilichoombwa kwa New kirudishwe kwa Dispose, kilichoombwa kwa GetMem kwa FreeMem, usichanganye.

Steki, sehemu ya kumbukumbu ya vigeu vya muda, ni mzani wa chama cha msingi. Kigeu cha ndani ya prosija kinakaa pale muda wa kupimwa tu. Prosija ikiisha, kimeshushwa na kingine kimepanda. Kuchukua anwani yake kwa alama ya @ na kuirudisha nje ni sawa na kuandika stakabadhi ya gunia lililo juu ya mzani. Na kisichoombwa kwa New kisipewe Dispose. Ukibahatika, unapata kosa 204, la pointa batili.

Enzi za Turbo Pascal kwenye DOS, vigeu vyote vya jumla viligawana KB 64, na magunia 2,000 yasingeenea humo, hivyo pointa zilikuwa lazima. Leo si hivyo. Kwa orodha inayokua mwishoni tu na kusomwa kwa mpangilio, mimi ningeandika Magunia: array of TGunia, bila hata kipengele cha Lijalo, na SetLength(Magunia, 2000). Inaanzia sifuri, inaishia 1999, na inajirudisha yenyewe pale asipobaki mtu anayeishika. Ila angalia kitu kimoja: Nyingine := Magunia nayo ni fotokopi ya stakabadhi. Ukitaka magunia mapya kweli, andika Nyingine := Copy(Magunia).