Fundi gari alipoanza kusomea ndege

Nilikuwa fundi wa magari kwa miaka sita kabla sijaanza kusomea ufundi wa ndege, na nilidhani hiyo miaka sita ndiyo turufu yangu. Wenzangu wengi darasani walikuwa vijana waliotoka shule moja kwa moja, wengine hawajawahi kushika spana maishani. Mimi gia boksi naishusha na kuipandisha gizani. Siku ya kwanza niliingia karakana kama mwenye nyumba.

Ndege zenyewe hatukuzigusa wiki za mwanzo. Kila mmoja alipewa kipande cha chuma kinachozidi kiberiti kidogo, tupa, jiriwa na mchoro. Kazi ni moja: kipige tupa mpaka nyuso zote zilale sawa na pembe zote ziwe za nyuzi 90, kosa lisizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Nilimaliza ndani ya saa mbili, nikampelekea mwalimu huku wengine bado wanahangaika. Akaweka skwea juu ya chuma, akakiinua kuelekea dirishani, akaniambia nichungulie. Mwanga ulikuwa unapenya kama chini ya mlango mbovu.

"Umepasua kuni hapa," akasema, akakitumbukiza kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Nilikirudia mara nne. Tupa yangu ilikuwa inayumba kama mtumbwi, inakula kingo na kuacha mgongo katikati, na sikuwa nalijua hilo kwa sababu gereji hakuna aliyewahi kuinua kazi yangu kwenye mwanga. Binti aliyekuwa jiriwa ya pili, ambaye hajawahi kufanya kazi ya chuma, alipasi kabla yangu. Yeye hakuwa na cha kusahau.

Mtu akiniuliza jinsi ya kuingia, namjibu hivi. Hisabati na fizikia uwe nazo vizuri, na Kiingereza cha kusoma uwe nacho hasa, maana manuali za matengenezo huwezi kuzibahatisha. Halafu ujue leseni unayoitaka kabla hujalipa ada. Chuo chetu kinafuata mfumo wa Ulaya, ambao nchi nyingi zimeuiga: daraja A ni kazi ndogondogo zilizoainishwa, B1 ni bodi, injini na mitambo, B2 ni umeme na elektroniki. Kozi ya B1 ya ndege za injini za tabini ni saa 2,400, ya A ni 800. Na ukimaliza kozi bado huna leseni. B1 kupitia kozi iliyoidhinishwa inadai miaka 2 ya kazi kwenye ndege zinazoruka. Wamarekani wana utaratibu wao, leseni wanaigawa kwa bodi na injini. Wapo wanaolipa kwanza ndipo wanauliza, na wengine cheti chao kinakuja kukataliwa na mamlaka ya anga.

Mitihani ni ya kuchagua jibu kati ya matatu, wastani wa sekunde 75 kwa swali, na kupasi ni asilimia 75. Inaonekana rahisi mpaka ukae. Moduli ya misingi ya umeme nilipata 71. Nimefunga altaneta nyingi sana kwenye magari, lakini kumbe nilikuwa nazifunga tu, sijui zinafanya nini. Nilisubiri siku 90 ndipo nikarudia, na katika siku hizo nikamwomba yule binti wa jiriwa ya pili anifundishe sheria ya Ohm kuanzia mwanzo. Alikuwa ananiita "mzee", lakini alinisahihisha bila huruma.

Kilichonivunja kabisa ni waya wa kufungia. Bolti nyingi za ndege haziachiwi zikae kwa kukazwa tu. Vichwa vyake vina matundu, na unapitisha waya wa chuma kisichoshika kutu, unausokota, unaupeleka kwenye bolti ya jirani, ili moja ikitaka kulegea iivute nyenzake ikaze. Waya wenyewe ni mwembamba, wa inchi 0.032, pungufu kidogo ya milimita moja. Misokoto iwe 6 mpaka 8 kwa kila inchi. Ikipungua, waya unalegea. Ikizidi, umeudhoofisha na utakatika kwa mtetemo. Ukishaukata hautumiki tena, na ncha yake unaikunja ndani isije ikamchana atakayefuata. Vidole vyangu vilitoboka wiki nzima. Siku ya ukaguzi waya wangu ulikuwa unang'aa, misokoto imepangana kama nywele za kusuka, na nikaona kazi imekwisha. Mwalimu akauvuta kwa kidole kimoja. Nilikuwa nimeufunga upande wa pili wa bolti, kwa hiyo ulikuwa unavuta kwenye kufungua. Uzuri wote ule, na ulikuwa unaisaidia bolti ilegee!

Hakunigombeza. Siku hiyo alitusimulia habari ya ndege ya British Airways, Juni 1990. Kioo cha mbele upande wa rubani kilikuwa kimebadilishwa usiku, kama saa 27 kabla ya safari iliyofuata. Aliyekibadilisha alichukua bolti ya zamani, akatafuta zinazofanana nayo kwa kulinganisha, hakwenda kuhakikisha kwenye orodha ya vipuri. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tofauti isiyofika milimita moja. Ndege ilipopanda juu kioo kikachomoka, na rubani akavutwa nje nusu mwili. Wahudumu wakamshikilia miguu mpaka msaidizi wake akaitua Southampton. Alipona.

Darasa lilikaa kimya. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mara ngapi nimechukua bolti kwenye kopo la bolti, nikaiweka kando ya ile ya zamani, nikasema "hii inaingia".

Tangu hapo nilianza kumsikiliza mwalimu alipokuwa akituuliza swali lake lile lile: "Nani amekwambia imekaza?" Jibu la "mkono wangu" halikubaliki. Manuali imesema ngapi, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, umeipanga ngapi, tarehe yake ya kuhakikiwa imepita au bado. Ikilia "ka" mara moja, acha. Nilikuwa na tabia ya kuongezea ka ya pili, ya kujiridhisha, na hiyo ya pili inazidisha.

Kisa cha mwisho ndicho ninachokiona aibu, lakini nakisema. Zana zetu zinakaa kwenye ubao uliochorwa umbo la kila kifaa, ili pengo lionekane kwa mbali. Jioni moja ubao ulikuwa na pengo la kichwa cha bisibisi, kidogo kama kipande cha kidole, na mtu wa mwisho kujiandikisha kukichukua alikuwa mimi. Ndege tuliyokuwa tunaifanyia mazoezi ni kuukuu, haitaruka tena, injini yake moja ilishang'olewa. Nikasema, kwa sauti ya chini lakini ikasikika, kwamba si tutakitafuta kesho.

"Hii haitaruka," mwalimu akasema. "Wewe utaruka na nyingine."

Hakuna aliyetoka. Tulifungua sakafu ya kabini, tukapita na kioo cha ukaguzi na tochi kwenye kila uwazi, watu 14 wananitazama wanavyonitazama. Baada ya saa moja na nusu kikadondoka sakafuni, tii, nilipokunjua mkono wa ovaroli yangu kufuta jasho. Kilikuwa kimekaa kwenye pindo muda wote. Sasa hivi ovaroli yangu haina pindo.

Nipo mwaka wa pili. Juzi bosi wangu wa zamani wa gereji alinipigia simu nikamsaidie kufunga silinda hedi, mafundi wake walikuwa wameondoka. Nikaenda kwa furaha, nikavaa glovu, tukaiweka mahali pake. Kisha nikamwuliza toki yake ni ngapi na bolti zinakazwa kwa mpangilio gani.

Akanitazama. "Si wewe uliyezikaza hizi hizi mwaka juzi, bila kuuliza?"

Ni kweli, mimi ndiye. Tukazima kompresa, tukaanza kutafuta kitabu cha ile injini.