Nicodemus, kijiji kilichorukwa na reli

Kuna kijiji kinaitwa Nicodemus, kiko Kansas kule Marekani karibu na mto Solomon, tambarare tupu na upepo usio na adabu. Hakina meya wala halmashauri yake, mambo yanaendeshwa na kaunti ya Graham. Walikianzisha watu weusi mwaka 1877, wengi wametoka Kentucky na walishawahi kuwa watumwa, vipeperushi viliwaahidi ardhi safi, kufika wanakuta nyasi tu na mbao za kujengea hamna, ikabidi wachimbe mashimo ardhini waishi humo, na baridi ya kule si mchezo jamani. Wengine wakarudi zao. Waliobaki walisaidiwa chakula na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wanatoka kuwinda, halafu wakalima, wakajenga shule, makanisa, maduka, mpaka hoteli, na Edward McCabe aliyehamia hapo akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo mwaka 1882!

Kilichowamaliza ni reli. 1888 ikapita ng'ambo ya mto, wenye maduka wakaifuata, na mimi naona hiyo iliwaumiza kuliko hata ukame wa baadaye. Siku hizi wakazi hawafiki hata hamsini, ila kila mwisho wa Julai wajukuu wanarudi toka kila kona kusherehekea, na tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa.