Mafuta ya nazi yameganda

Leo alfajiri nimechukua chupa ya mafuta ya nazi nipake nywele, nikaigeuza, hakikutoka kitu. Yameganda, meupe kama samli. Basi kipupwe kimeingia. Nyumbani kwetu Kigamboni hatusubiri utabiri wa hali ya hewa, chupa inatosha: mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri za Julai hapa hushuka mpaka 19, siku nyingine 18.

Kwenye pantoni watu walikuwa wamejibana upande mmoja kukwepa kusi. Bodaboda wamevaa makoti utadhani wanakwenda vitani. Mimi nilikuwa na sweta, mtandio juu yake, na bado meno yanagongana. Jirani yetu mmoja ni mtu wa Makete, kwao miezi hii wanaamka wanakuta sakitu kwenye majani. Akanitazama, akacheka.

"Dada, na wewe si ndiye uliyekaa Chicago?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta siku nzima kazini.

Chicago nilikwenda Desemba 2018, kumhudumia dada yangu aliyejifungua mtoto wa kwanza. Safari ilikuwa ya Mama, ila magoti yakamgomea, basi akanifungashia mimi: pilipili manga ya uji, khanga za kumfunga mzazi tumbo, na chupa tatu za mafuta ya nazi za kumkanda mtoto. Mafuta yale yaliganda tangu siku niliyofungua begi, na ndani ya nyumba hayakuyeyuka yenyewe hata siku moja. Nilikuwa naichovya chupa kwenye maji ya moto, au naibana kwapani huku naosha vyombo.

Mtoto alizaliwa siku nne kabla ya Krismasi. Mama akahesabu kwa vidole: arobaini inaangukia Jumatano, tarehe 30 Januari. Siku hiyo mtoto atolewe nje, aone jua. Hakuna mjadala.

Wiki hiyohiyo televisheni ilikuwa haina habari nyingine. Hewa ambayo makazi yake ni ncha ya kaskazini ya dunia, ambayo kwa kawaida upepo wa juu huizungushia hukohuko, ilikuwa imevunja zizi na kumwagika kusini, katikati ya Marekani. Jumatano asubuhi nikatazama simu: 23 chini ya sifuri. Nikamtumia Mama picha. Dada akanisahihisha kutoka kitandani: "Mdogo wangu, hizo ni farenhaiti. Kwa hesabu ya nyumbani ni 31." Hapo upepo haujahesabiwa. Ukihesabiwa, ngozi ilikuwa inapokea kama 47 chini ya sifuri.

Shule zilifungwa. Posta ilisitisha kugawa barua. Mabasi mengine ya mji yaliegeshwa yakiunguruma ili wasio na makazi wapande wapate joto, daladala zisizokwenda popote. Na kwenye reli, pale treni zinapobadilishia njia, mafundi waliwasha moto wa gesi ili vyuma visigande. Picha za moto ule zilimfikia Mama kabla sijaziona mimi. Akapiga simu akijua mji unaungua.

Sasa Mama anauza barafu za ubuyu. Friza lake linakaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Nikajaribu kumwelewesha kwa njia hiyo: "Mama, friza lako likifanya kazi vizuri ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Huku nje ni 31."

Kimya. Nikasikia feni yake ikizunguka.

"Kwa hiyo ukiingia ndani ya friza langu unapata joto."

"Ndiyo, Mama."

"Na umeme ukikatika?"

Sikuwa nimewaza hilo. Mtu wa Dar anajua umeme ukikatika barafu zinayeyuka, hasara, basi. Usiku ule nililala nikisikiliza mabomba ya mvuke ukutani, yale yanayoipasha nyumba joto. Jengo lilikuwa la zamani, mabomba yanagonga kama mtu anayebisha hodi, na kabla ya hapo kelele zile zilikuwa zinaniudhi. Usiku ule kila yaliponyamaza nilikaa kitako.

Kitu kilichonishinda kabisa kilikuwa bomba la maji. Ili maji yasigande ndani ya bomba na kulipasua, wenye nyumba waliagiza kila mtu aache bomba likidondosha matone usiku kucha. Usiku kucha! Mimi niliyekulia kwenye kupanga madumu, ambaye nikisikia tone linadondoka natoka kitandani. Nikakinga ndoo. Ikajaa, nikakinga sufuria. Dada alicheka mpaka akajishika tumbo, akasema namuumiza mshono. Asubuhi maji yale nilipikia uji.

Nje nilitoka mara moja tu, kutupa pampasi nyuma ya jengo. Labda dakika tatu. Pua ndiyo ya kwanza kujua: ukivuta pumzi, vinyweleo vya ndani vinakakamaa, unahisi kama umenusa sindano. Kope za juu na za chini zikaanza kushikana. Baridi ile haikunitetemesha, inauma moja kwa moja kama kuungua. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa mwanga. Nilitegemea giza na mawingu. Kumbe anga lilikuwa la buluu safi, jua limewaka vizuri kabisa, na halina kazi.

Saa sita mchana ya kule, saa tatu usiku ya Dar, Mama alipiga video. Amejifunga khanga moja, jasho linamtiririka shingoni, kaskazi haijamletea hata upepo. "Mtoeni sasa."

Shemeji alikuwa kazini, gari lilikataa kuwaka akaondoka kwa treni, na jioni alirudi masikio yamebadilika rangi. Tulikuwa wawili tu na kichanga. Dada akanitazama, nami nikamtazama. Wiki ile watu zaidi ya 20 walifariki kwa ajili ya baridi katika majimbo yale, na sisi tunabishana na bibi aliyeko Kigamboni.

Nikamgeuzia Mama simu aone kioo cha dirisha: barafu imeota pembeni kwa ndani, kama maua ya pazia. Aliangalia muda mrefu. Halafu akasema, taratibu, "Msogezeni hapo hapo dirishani. Msifungue. Jua limwone, inatosha."

Tukamsogeza. Akapiga chafya mbili, akalala.

Jumatatu iliyofuata joto lilipanda mpaka nyuzi 10 hivi, barabara zote matope, na nikaona vijana wamevaa fulana.

Jioni hii nilimkuta tena yule jirani kwenye pantoni, nikampa jibu langu. Kule baridi ina mlango, nikamwambia. Ukifunga, imebaki nje, wewe uko ndani na soksi. Hapa kwetu dirisha ni nyavu, sakafu ni saruji, maji ya kuoga ni ya ndoo iliyolala uani. Baridi ni ndogo ila inalala na wewe. Akasema, "Sawa, dada," kwa ile sauti ya kumridhisha mtoto.

Nilipofika nyumbani chupa ilikuwa palepale dirishani, bado nyeupe, kwa sababu leo jua halikutoka. Nikaibana kwapani, nikaanza kumenya vitunguu. Mama akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia namkanda mjukuu wake. Akaguna. Baada ya robo saa yalikuwa yameyeyuka pembezoni, yakanitosha nywele za mbele.