Kutoka Lamu hadi Roma kwa Kozi: Nilivyoipanga Safari

Anayekubaliwa kujiunga na kozi ya kimataifa hupokea, pamoja na barua ya mwaliko, kijitabu cha maelezo ya safari kinachoeleza habari za viza, bima, malazi, posho na njia ya kutoka uwanja wa ndege hadi darasani. Kijitabu nilichotumiwa mimi, nilipopata nafasi katika kozi ya uhifadhi wa majengo ya mawe mjini Roma, kiliandikwa kwa uangalifu mkubwa, ila mwandishi wake alimdhania msomaji kuwa ni mtu anayeishi katika mji wenye ubalozi, anayetoka nyumbani kwa teksi na kufika uwanja wa ndege kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Mimi naishi Lamu. Ilinibidi nikisome upya mstari kwa mstari, na kila muda uliotajwa niuongezee muda wa bahari na wa barabara. Katika hesabu hiyo ndipo nilipoona kwamba sehemu ngumu ya safari ya Roma iko kati ya gati la Lamu na Nairobi, na kwamba kutoka Nairobi kwenda mbele mambo hujiendesha karibu yenyewe.

Kozi yenyewe iliandaliwa na ICCROM, taasisi ya kimataifa ya uhifadhi wa urithi wa utamaduni ambayo imekuwa na makao yake Roma tangu 1959. Kwa sisi tunaofanya kazi katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mafunzo ya namna hiyo yana maana, kwa sababu nyumba zetu za matumbawe, chokaa na boriti za mikoko huliwa na chumvi ya bahari mwaka hadi mwaka, na ugonjwa wa chumvi ndani ya jiwe wataalamu wa Italia wameuchunguza kwa muda mrefu. Lakini hapa nazungumzia safari, si mawe.

Nilianza na pasipoti. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, Italia ikiwamo, ambazo sasa ni 29, hutaka pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu angalau, na ibaki hai kwa muda usiopungua miezi 3 baada ya siku ya kuondoka katika nchi hizo. Yangu ilitimiza yote hayo, na nilishukuru, kwa kuwa kuitafuta mpya kungenipeleka ofisi ya uhamiaji Mombasa kabla hata sijaanza habari ya viza. Namshauri kila anayetuma maombi ya kozi aitazame pasipoti yake siku ileile anayojaza fomu, asingoje jibu la kukubaliwa.

Viza ndiyo iliyonichukulia fikira nyingi. Kanuni inasema maombi yanaweza kuwasilishwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kuvutwa hadi siku 45 pale ubalozi unapotaka kuchunguza zaidi. Anayekaa Nairobi anaweza kuzichezea tarehe hizo. Mkazi wa Lamu hawezi, kwa sababu alama za vidole huchukuliwa kwa mwombaji mwenyewe akiwapo, na karatasi moja ikikosekana hawezi kurudi nyumbani kuichukua na kufika tena kesho yake. Kwa hiyo mimi niliihesabu siku ya 45 kuwa ndiyo siku ya jibu, nikarudi nyuma kutoka hapo kutafuta miadi, na kabla ya kuondoka nikazipanga karatasi zote juu ya meza kwa mfuatano wa orodha ya ubalozi: fomu, picha, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, nafasi iliyowekwa kwenye ndege, uthibitisho wa malazi na bima. Kila moja niliitolea nakala, na zote nikazihifadhi pia kwenye simu.

Barua mbili kati ya hizo zastahili kusemwa zaidi. Barua ya mwaliko inafaa tu ikiwa inataja tarehe za kozi, mahali itakapofanyika, na nani anayelipia nini. Iliyokuja kwanza ilisema kwa jumla kwamba gharama zitashughulikiwa, nami nikawaandikia waandaaji kwa adabu kuomba nyingine iliyotenganisha nauli, malazi na posho, nao wakaituma bila kinyongo. Barua ya mwajiri nayo haitoshi kusema kwamba fulani ni mfanyakazi wetu. Iseme amepewa ruhusa kuanzia lini hadi lini, mshahara wake utaendelea, na anatarajiwa kazini siku fulani, maana swali kubwa linalomkaa afisa wa viza kichwani ni kama huyu mtu atarudi.

Bima isishuke chini ya yuro 30,000, na ihusu matibabu, dharura na gharama za kumrejesha mgonjwa au maiti nyumbani. Ada ya viza ya muda mfupi kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma juu ya hiyo. Viza hiyo inaruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Kozi ya wiki 12 ni siku 84. Anayetaka kufika mapema apumzike na kuchelewa kidogo aone mji ana siku sita tu za kuchezea, wala asidhani kwamba kuvuka kwenda Ufaransa au Uswisi mwishoni mwa wiki kunazisimamisha siku zisihesabiwe.

Sasa nije kwenye kile kipande cha Lamu na Nairobi. Kwa safari ya viza nilivuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi la alfajiri kupitia Witu na Garsen hadi Mombasa, kisha treni ya reli ya kisasa hadi Syokimau. Ni njia ndefu na ina vizuizi vya polisi, lakini ni nafuu, na aliyejipa siku moja ya akiba kabla ya miadi hana haja ya kuwa na wasiwasi. Kwa safari yenyewe nilichagua ndege. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaliulizi wanapokata tikiti: ndege nyingi ndogo zinazoruka kutoka Manda, kisiwa jirani chenye uwanja wa ndege wa Lamu, hutua Wilson, na ndege za kimataifa huondoka Jomo Kenyatta, na kati ya viwanja hivyo viwili iko foleni ya magari ya Nairobi, ambayo haijali mtu ameandikiwa saa ngapi kwenye tikiti. Zaidi ya hapo, tikiti hizo mbili zikiwa zimenunuliwa mbalimbali, shirika la ndege ya kimataifa halina wajibu wowote kwa abiria aliyecheleweshwa na ile ya kwanza. Waandaaji walikuwa wamependekeza niondoke Manda asubuhi na Nairobi usiku wa siku hiyohiyo. Niliwaomba ruhusa ya kulala Nairobi usiku mmoja, nikaeleza kwamba abiria wa Lamu huvuka mkono wa bahari kwa boti kabla hajaufikia uwanja wa ndege, na wakaona maana yake.

Usiku huo mmoja ulinitatulia pia suala la mizigo. Ndege ndogo huruhusu kilo 15 hivi, tena katika mkoba laini, na ya kimataifa huruhusu kilo 23 au zaidi. Kwa hiyo uzito wa safari nzima hupimwa Manda. Kozi ilikuwa ya majira ya vuli yanayoelekea kwenye baridi, nami sikuwa na koti wala sweta ya maana, kwa kuwa Lamu mtu huvipeleka wapi? Nilitoka nyumbani na nguo nyepesi, na koti zito nikalinunua Nairobi, katika soko la mitumba la Gikomba, kwa bei ambayo Roma isingenipa hata skafu.

Shangazi yangu alikuwa na hofu nyingine. "Mwanangu, huko utakula nini?" aliniuliza, na kabla sijajibu alikwisha kuandaa kapu. Ilibidi nimweleze kwamba Umoja wa Ulaya unakataza wasafiri kuingiza nyama na maziwa na vitokanavyo navyo, na kwamba matunda mengi hudaiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Maembe yakatoka kapuni, tende na nazi zikabaki. Samaki wa kukausha wanaruhusiwa kwa kiasi, lakini niliwahurumia abiria wenzangu.

Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, haukunisumbua. Barua ya mwaliko, bima na anwani ya malazi nilivibeba mkononi, maana afisa wa mpakani anaweza kuvitaka hata kama viza imekwisha bandikwa, na anayebadilisha ndege Paris au Amsterdam aelewe kwamba ukaguzi huo utafanyika huko, si Roma. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha uso na vidole vya wageni mpakani badala ya kugonga mihuri, kwa hiyo anayeingia mara ya kwanza asipange kuunganisha ndege kwa muda mfupi. Kutoka uwanjani, treni ya moja kwa moja hadi kituo kikuu cha Termini huchukua dakika 32 na nauli yake ni yuro 14. Lakini ICCROM iko mtaa wa Trastevere, katika jengo kubwa la San Michele kando ya mto Tiber, na treni ya kawaida ya yuro 8 husimama Trastevere kwenyewe. Wenzangu waliofuata wingi wa watu hadi Termini walilipa zaidi, kisha wakarudi nyuma.

Mjini, tikiti ya yuro 1.50 hutumika dakika 100 kwa basi na tramu, na pasi ya mwezi ni yuro 35. Migomo ya usafiri ni ya kawaida na mara nyingi huangukia Ijumaa, lakini hutangazwa kabla, na sheria hulinda safari za asubuhi hadi saa mbili na nusu na za jioni kati ya saa kumi na moja na saa mbili, kwa hiyo darasani hufika.

Sala zilihitaji mpango zaidi kuliko usafiri. Mwishoni mwa Oktoba saa za Ulaya hurudishwa nyuma, tofauti yetu nao ikawa saa mbili badala ya moja, na ghafla Magharibi ikaanza kuingia karibu saa kumi na moja jioni tukiwa bado darasani. Adhuhuri ilikuwa karibu saa sita na Alasiri karibu saa nane na nusu. Nilimwendea mratibu wiki ya kwanza, nikamwonyesha ratiba ya sala na ratiba ya kozi pamoja, na tukakubaliana juu ya chumba kimoja kisichotumika na dakika chache za mapumziko; kuomba mapema na kwa karatasi mkononi kulirahisisha mazungumzo. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, uko kaskazini ya mji na ni mbali kutoka Trastevere, kwa hiyo siku za Ijumaa nilizoruhusiwa niliondoka mapema. Nyama ya halali niliipata katika soko la Esquilino, karibu na Termini, ambako wachinjaji wengi ni Waislamu kutoka Bangladesh na nchi nyingine, na bizari zilipatikana za kutosha kupika pilau ambayo hata shangazi angeikubali baada ya kunung'unika kidogo. Maji ya kunywa sikuyanunua: mabomba ya chuma ya barabarani, ambayo yako zaidi ya 2,000 mjini, hutoa maji safi na baridi mchana na usiku.

Kuhusu fedha, posho ya kozi haikulipwa siku ya kufika, na jambo hilo ni la kawaida. Mtu awe na yuro za kumtosha wiki moja. Benki yangu niliiarifu kabla kwamba kadi itatumika nje, na laini yangu ya Kenya niliiacha hai, kwa sababu namba za siri za benki hutumwa hapo. Soketi za Italia si kama zetu, hivyo adapta ni lazima. Lugha nilisaidiwa na binamu yangu wa Malindi, ambako Kiitaliano husikika hotelini na sokoni; alinifundisha kuuliza bei, njia na kilichomo ndani ya chakula, na hilo la mwisho ndilo nililolitumia zaidi.

Wakati wa kurudi nilizitunza stakabadhi zote pamoja na vipande vya pasi za kupandia ndege, kwa kuwa mhasibu hakurudisha nauli ya Manda bila hivyo. Na pasipoti, yenye viza iliyokwisha, niliiweka mahali pakavu. Alama za vidole zilizochukuliwa hubaki katika kumbukumbu za Schengen na zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, na nimeiandika tarehe hiyo, maana mwaliko mwingine ukija kabla yake huenda maombi yakapita bila mimi kupanda basi la Mokowe.