Habari za Kenya?

Mama muuza chai wa stendi ya Marsabit alinimiminia kikombe, akaliangalia koti langu jepesi la mtu asiyejua aendako, kisha akauliza, "Umetoka Kenya lini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Jana usiku," nikajibu, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Na habari za huko Kenya?"

Nikasema njema. Baadaye ndipo nilipoeleweshwa kwamba kwa watu wa huku, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, Kenya ni kule chini, ukishavuka Isiolo. Wanalisema bila uchungu, kama mtu anavyotaja kijiji cha mjomba ambaye haji kutembea.

Basi lenyewe sitalisimulia sana. Kiti changu kiligoma kulala, cha mbele yangu kikagoma kuamka, na raha hiyo niliilipia shilingi 2,000. Lami, nikiri, ni nzuri kuliko yetu ya Vihiga, kule magharibi. Kabla haijafika, safari ya Nairobi hadi Moyale ilikuwa ya lori, umekaa juu ya magunia, siku mbili tatu. Kilichonikaa moyoni ni vizuizi vya njiani. Jirani yangu, kijana mzaliwa wa huku, alishika kitambulisho mkononi tangu Isiolo, na ndani ya bahasha alikuwa na karatasi nyingine tatu za kuthibitisha kile kitambulisho. Changu kilikuwa chini ya begi, chini ya viatu. Hakuna aliyekiuliza.

Marsabit ni mlima uliosimama katikati ya ukame, na alfajiri ukungu huulalia mji mzima. Niliisikia adhana lakini msikiti sikuuona. Taa za pikipiki zilikuwa zinatokea hatua kumi mbele yangu, zinapita, zinamezwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kilichonileta, maana mwaliko wa rafiki yangu anayefundisha North Horr ulikuwa nusu tu ya sababu.

Jumatatu, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12 ilikuja kutua hapa katika hali mbaya ya hewa, ikagonga kilima. Ilikuwa na watu 17, na 14 walikufa. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka baba aliongeza sauti ya redio badala ya kuipunguza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Majina yalisomwa moja moja: Bonaya Godana wa North Horr, Abdi Sasura wa Saku, Titus Ngoyoni wa Laisamis, Guracha Galgallo wa Moyale, Mirugi Kariuki wa Nakuru Mjini. Alikuwemo Abdullahi Adan wa Bunge la Afrika Mashariki, na Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Siku moja tu, na karibu eneo lote hili likabaki bila mbunge.

Walikuwa wanakwenda kupatanisha watu. Mwaka uliotangulia, Julai 12, kijiji cha Turbi kilivamiwa asubuhi, wakauawa zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto zaidi ya 20 wa shule ya msingi. Wagabra na Waborana, jamii mbili za wafugaji wa huku, walikuwa wamefika pabaya. Na tazama nani walikuwa ndani ya ndege moja: Godana, aliyekuwa waziri wa KANU, chama kilichotawala zamani, na Mirugi Kariuki, wakili aliyewekwa kizuizini enzi za KANU hiyohiyo. Mimi na binamu yangu tuligombana juu ya mpaka wa migomba, hatujapanda hata matatu moja tangu 2019.

Gari la kwenda North Horr nilikubaliana na dereva shilingi 3,500. Nilipoketi nyuma ya Land Cruiser, juu ya katoni za sabuni, huku goti la mtu likiwa ubavuni mwangu, nikauliza wenzangu kwa sauti ya chini wamelipa ngapi. Elfu na mia tano. Wote. Mzee mmoja mwenye kilemba cheupe na fimbo alinitazama kwa huruma ambayo ilinichoma kuliko hasara yenyewe.

Tulipita Bubisa, tukaacha lami, tukaingia mawe. Mawe meusi, mviringo, mpaka macho yanapoishia. Maikona tulisimama kunywa chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye harufu ya moshi, na nikaambiwa kwamba hapa ndipo jamii mbili zile zilipokaa mwaka 2009 na kukubaliana faini za wizi wa mifugo na za kumwaga damu. Miaka mitatu baada ya ile ndege. Nilitaka kuuliza zaidi, dereva akapiga honi.

Sasa Chalbi. Mtu akikwambia jangwa, unafikiria kiu. Mimi niliogopa kiu, nikabeba chupa sita za maji kutoka Marsabit, kila moja kwa bei ya chupa mbili. Kumbe kiama cha Chalbi ni mvua. Ule ni uwanda wa chumvi uliokuwa ziwa zamani za kale. Juu ni ganda jeupe, chini ni tope. Ukiwa mkavu unaweza kuendesha gari ukiwa umefumba macho. Mvua ikinyesha hata siku moja, ganda hubaki linang'aa vilevile, linakudanganya. Na ilikuwa imenyesha juzi yake.

Tulivuka Kalacha saa kumi jioni. Saa kumi na moja kasoro, gari lilipunguza mwendo lenyewe, kama punda aliyekumbuka jambo, likaketi. Magurudumu ya nyuma yalizama hadi bodi. Dereva alikanyaga mafuta, likazama zaidi. Utingo akashuka na koleo, na sisi wanaume tukavua viatu.

Mimi ni mtu wa Vihiga. Tope nalijua. Kwetu mvua hunyesha kila alasiri, na nimesukuma magari tangu nikiwa darasa la nne. Lakini tope hili halina chini. Jeki ilikuwa inazama badala ya kuinua gari. Tukaweka ubao chini yake, ubao nao ukazama. Tuliteremsha sabuni, unga, mitungi ya gesi, godoro la mtu, mbuzi wawili. Tulichimba, tukasukuma, gari likasogea mkono mmoja likazama upya. Jua likatua likiwa kubwa kupita kiasi, na upepo ukaanza, upepo baridi wenye chumvi, unaoingia hadi kwenye meno. Saa mbili usiku dereva akatangaza kwamba tungoje asubuhi, akajifunika shuka na kulala usingizi wa mtu asiye na deni.

Nililalamika. Nililalamika juu ya dereva, juu ya bei, juu ya serikali ya kaunti na ya taifa, juu ya rafiki yangu aliyeniambia njia ni nzuri. Yule mzee alinisikiliza mpaka nikaisha. Kisha akauliza, "Kwenu, kutoka upande huu wa jimbo hadi upande ule ni siku ngapi?"

Nikacheka. Kaunti yetu nzima ni kilomita za mraba 500 na ushei, na imegawanywa majimbo matano ya ubunge. Mama yangu akimtuma mtoto sukari, mtoto anaweza kuvuka jimbo na kurudi kabla chai haijachemka. Jimbo la North Horr peke yake ni karibu kilomita za mraba 39,000; Rwanda inaingia na nafasi inabaki. Mzee alinihesabia kwa vidole gizani: Turbi, Maikona, North Horr yenyewe, Dukana kule mpakani mwa Ethiopia, Illeret kwenye ziwa. "Anayetaka kura zetu," akasema, "hana njia ya pembeni. Hupita kwenye mawe uliyopita na tope ulilokalia."

Nikamuuliza juu ya Godana. Mtoto wa Dukana, aliyefika hadi Geneva akasoma udaktari wa sheria, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia bungeni 1988 na kubaki humo mpaka siku ya ukungu. Alikuwa Naibu Spika. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani jijini, Agosti 1998. Haya niliyajua. Nilichotaka ni kusikia siku ile ilikuwaje huku.

"Tulikuwa kisimani," mzee akasema. "Redio ikatangaza. Hakuna aliyesema neno, tukaendelea kuteka. Ngamia hajui habari, anajua kiu."

Alinyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Nikamwambia, ili kujaza kimya, kwamba Godana aliandika kitabu kikubwa, kilitoka 1985, kuhusu sheria za mito inayopita katika nchi nyingi: Naili, Niger na Senegal. Nani ana haki ya maji, nani anywe kwanza, wa juu asimkaushe wa chini.

Mzee akaketi wima. "Mito mitatu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Na sisi hatuna hata mmoja!"

Kisha akaacha kucheka, akanieleza mambo ya kisima kana kwamba mimi ndiye nilikuwa na mtihani kesho yake. Kisima kina waliokichimba, na ukoo wao una neno la kwanza. Lakini zamu haipangwi na mwenye nguvu. Kuna mtu wake, abba herega, baba wa zamu, anayejua ng'ombe wa nani watakunywa leo, ngamia wa nani kesho, na nani amefika kutoka mbali akiwa amechoka. Ukiruka zamu unatozwa faini. Mpita njia mwenye kiu yeye haingii kwenye zamu. Anapewa maji ya kunywa, kisha ndipo anaulizwa ametoka wapi. "Hiyo Geneva," akasema, "walimfundisha kuandika tu."

Sijui kama wenye shahada watakubali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye chumvi, miguu ikiwa imekauka tope jeupe hadi magotini kama soksi za shule, na nilikubali. Nikatoa chupa zangu za maji, nne zilizobaki, nikazipitisha. Zilirudi tupu. Nusu saa baadaye mwanamke mmoja akafungua chupa yake ya chai, kikombe kikaanza kwa mimi niliye mgeni.

Saa moja asubuhi lori lilitokea, likatuvuta kwa kamba kwa dakika kumi. Dakika kumi! Mwenye lori alidai 4,000, dereva wetu akatutazama sisi, sisi tukamtazama mzee, mzee akatazama mbali. Dereva akalipa.

North Horr nilikaa siku tatu. Kuna minazi ya jangwani iitwayo mikoma, kuna mchanga unaohama, kuna chemchemi, na joto la mchana lisilotaka mazungumzo. Rafiki yangu anafundisha darasa lililojaa hadi dirishani.

Lakini kabla ya hapo, tulipoteremka sokoni, mzee alimwita dereva kando. Sikuelewa Kigabra, ila nilisikia neno "Kenya" mara mbili, na vicheko. Dereva akarudi akahesabu noti mkononi mwangu: shilingi 1,800.

"Si ni 2,000?" nikauliza.

"Mia mbili ni za koleo," akasema. "Ulilivunja."

Ni kweli nililivunja.