Faraja Niliyoipata Baada ya Garissa, na Ile Niliyouziwa

Tangu binti yetu auawe katika Chuo Kikuu cha Garissa, nimepewa ushauri mwingi wa kidini kuliko niliouomba, na sehemu kubwa ya ushauri huo haikunifaa hata kidogo. Ninaandika haya kwa sababu kasisi wetu bado huniletea wazazi waliofiwa kwa njia ya ukatili, na kila mmoja huja akiwa ameshalishwa maneno yale yale niliyolishwa mimi: kwamba Mungu alikuwa akichuma ua zuri kwa ajili ya bustani yake, kwamba kulia sana ni dalili ya kukosa imani, na kwamba aliyesamehe kweli husahau. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huku Vihiga, nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na jibu lililonakiliwa ninalitambua kabla sijafika mwisho wa mstari.

Shambulio lilitokea alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, ambayo katika kalenda ya kanisa ilikuwa Alhamisi Kuu. Wanamgambo wanne wa al-Shabaab, kundi la itikadi kali kutoka Somalia, waliingia chuoni na bunduki, na miongoni mwa waliowakuta kwanza ni wanafunzi Wakristo walioamka mapema kwa maombi katika ukumbi wa mihadhara. Binti yetu alikuwa mmoja wa walioamka. Mzingiro ulipomalizika jioni, watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, na wengi walikuwa wametengwa na wenzao kwa misingi ya dini kabla ya kupigwa risasi. Sisi wazazi tulielekezwa Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, na kutoka hapo tukapelekwa kwa mabasi hadi chumba cha maiti cha Chiromo, ambako Pasaka ya mwaka ule ilitukuta tukingoja. Mazishi yalikwenda kama inavyopasa. Watu wetu wanajua kuzika.

Ushauri wa kwanza niliouchukua ulitoka kwa shemeji yangu, mtu mwema anayeamini kwamba kila tatizo lina mhubiri wake. Alinisihi niende katika kituo kimoja cha maombi kilicho mbali na kwetu, ambako, kwa maelezo yake, roho ya huzuni hung'olewa kwa siku moja. Nauli, malazi na sadaka za majina mbalimbali zilikaribia bei ya mbuzi wawili, labda watatu, kwa sababu bahasha zilipitishwa mara nyingi na mtu huona haya kuirudisha bahasha ikiwa tupu. Tulipangwa kwa foleni kulingana na shida zetu: wasio na kazi upande huu, wagonjwa upande ule, na kwa kuwa wafiwa hatukuwa na bango letu, tukawekwa pamoja na wenye kesi za mashamba. Mhudumu mmoja kijana aliniuliza ukoo wetu ulikuwa na agano gani na mizimu, maana kifo cha namna ile, kwa maoni yake, hakiji bila mtu wa nyumbani kufungua mlango. Nilimjibu kwamba mlango ulifunguliwa na watu wenye bunduki, naye akaandika kitu katika daftari lake.

Zamu yangu ilipofika, mhubiri aliniwekea mkono kichwani na kuiamuru huzuni itoke, huku wasaidizi wawili wakisimama nyuma yangu tayari kunidaka. Nilibaki wima. Akaamuru tena kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii mkono ulisukuma kidogo. Mimi ni mtu mwenye kilo za kutosha, na goti langu la kulia haliniruhusu kuanguka ovyo. Baada ya kusukumana kwa heshima kwa muda, alinigeuza niwatazame watu, akanipa kipaza sauti na kunitaka nitangaze kwamba nimepata amani. Nilisema kwamba binti yangu aliuawa akiomba na kwamba bado ninahuzunika. Kipaza sauti kiliondolewa mkononi mwangu haraka kuliko kilivyoletwa. Njiani kurudi, shemeji hakunisemesha mpaka tulipofika Kisumu, ambako alininunulia samaki wa kukaanga, akanitazama nikila, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, ungeanguka tu kidogo."

Kilichoanza kunishika mkono kilikuwa rafuni kwangu siku zote. Sisi ni Waanglikana, na kwa kuwa binti yetu aliuawa Alhamisi Kuu, nilifungua Kitabu cha Sala cha zamani nione kanisa lilipanga kusoma nini siku iliyofuata. Kwa jioni ya Ijumaa Kuu zimewekwa Zaburi ya 69 na ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kumalizika kwa sifa. Ya 13, kwa mfano, inamuuliza Mungu hata lini atamsahau mja wake, na kabla ya kumaliza aya zake sita imeshaanza kuimba. Ya 88 haina haraka hiyo. Mwimbaji wake analia mchana na usiku kwa aya 18, anamwambia Mungu waziwazi kwamba yeye ndiye aliyemtenga na rafiki zake, na aya ya mwisho inaishia gizani, bila pambazuko. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kwa mara ya kwanza tangu Chiromo nilikutana na mtu aliyezungumza kama mimi, naye alikuwa ndani ya Biblia, na kwa karne nyingi waumini wamemwacha aseme bila kumwekea mkono kichwani.

Hapo ndipo nilipobuni mbinu ambayo mke wangu aliiita utundu, ingawa nilimwona akificha tabasamu. Mgeni yeyote aliyefika na maneno yaliyoandaliwa tayari alikaribishwa vizuri, akapewa chai, na kabla hajaanza kututia moyo niliweka Biblia mbele yake, ikiwa na utepe mahali panapohusika, nikamwomba atusomee neno. Hakuna mkristo wa kwetu anayekataa kusoma neno. Mzee mmoja mwenye sauti ya kuhubiri uwanjani alianza kwa kishindo, "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu," na ninakiri kwamba aya hiyo inampa mtu moyo. Kufikia aya ya tano sauti yake ilikuwa imeshuka. Kufikia ya kumi alikuwa ananong'ona. Alipomaliza ya 18, macho yake yaliteleza hadi Zaburi ya 89, ambayo inaanza kwa kuimba fadhili za Bwana, na nikaona uso wake ukichangamka.

"Inatosha, mzee," nikamwambia. "Somo letu ni hilo tu."

"Lakini halijaisha, Mwalimu."

"Limeisha. Tazama namba."

Akatazama namba. Akageuza ukurasa nyuma, akageuza mbele, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. Kisha, mzee yule aliyekuja na hotuba, akainama na kulia pamoja nasi. Mwanasiasa mmoja alisoma vizuri sana, akasahau alichokuwa amekuja kusema, akaweka mchango wake mezani na kuondoka, mchango ulisaidia. Wengine walikuja mara moja na hawakurudi, jambo ambalo sikulihuzunikia. Waliobaki wakiwa wameketi baada ya aya ya 18 ndio waliokuwa wageni wangu hasa, na ningependa mfiwa yeyote aijaribu mbinu hii, mradi awe na utepe madhubuti, maana Biblia inayofunguka penyewe kwenye Zaburi ya 23 itamharibia kazi.

Jirani yetu wa kanisa la Marafiki (Quakers), ambalo limekuwa hapa kwetu tangu wamisionari wake walipofika Kaimosi mwaka 1902, hakuhitaji kujaribiwa. Alikuja kila jioni, akaketi chini ya mparachichi, akauliza kama ng'ombe amekamuliwa, akanyamaza. Watu hupenda kuwacheka rafiki za Ayubu, na hotuba zao zinastahili kuchekwa, lakini husahau kwamba mwanzoni waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Kama wangerudi makwao siku ya nane, leo tungekuwa tunawapa majina yao watoto wetu. Tena mwishoni Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule aliyelalamika. Hoja hiyo niliitumia mara kadhaa kwa walioniambia kwamba kulalamika ni dhambi, na sijawahi kupata jibu.

Mke wangu alikuwa na njia yake, na huenda ilikuwa bora kuliko yangu. Wenzake wa Umoja wa Akina Mama hawakuja na mahubiri. Mvua za masika zilikuwa zimekolea, mahindi yetu yalikuwa yamezidiwa na magugu, na asubuhi moja tuliamka tukasikia majembe. Walipalilia shamba lote, wakaosha vyombo, wakapika, na waliposali walisali kwa ufupi. Ile amri ya Mtume Paulo kwa Warumi ya kulia pamoja na wanaolia waliitimiza wakiwa na matope miguuni. Siku aliposhindwa kuomba, waliomba wao; aliposhindwa kuimba, waliimba wakiwa wamemweka katikati ya benchi. Yeye husema kwamba kwa miezi kadhaa imani yake ilikuwa imehifadhiwa kwa majirani.

Pasaka yenyewe ilinichukua muda. Mwaka uliofuata sikutaka kwenda kanisani, nikaenda kwa sababu mke wangu alikuwa ameshavaa. Somo lilitoka Yohana 20, na Mariamu Magdalena alikuwa amesimama penye kaburi akilia, akieleza kwamba wamemwondoa Bwana wake wala hajui walikomweka. Nilikuwa nimesoma sura hiyo tangu utotoni bila kugundua kwamba huyu ni mtu anayetafuta maiti. Swali lake tuliliuliza sisi sote pale Chiromo, kila aliyevaa koti jeupe tulimuuliza. Kisha ikafika sehemu ya Tomaso, na nikasikia jambo la pili: Kristo aliyefufuka alikuwa bado na alama za misumari na jeraha la mkuki ubavuni. Kifo kilishindwa, lakini jeraha halikufichwa. Basi sikuona sababu ya mtu yeyote kunidai niufiche uchungu wangu ili nionekane ninaamini ufufuo. Ninaamini nitamwona binti yangu. Naamini pia kwamba kilichofanyika Garissa ni uovu, na kwamba Mungu hakukipanga ili kunifundisha uvumilivu.

Kuhusu kusamehe, nina ukali kidogo. Kuna mtu aliniuliza hadharani, kaburi likiwa bado bichi, kama nimeshawasamehe waliomuua mwanangu, na watu wakageuka kunitazama kama watazamao mpira wa adhabu. Sikujibu. Kwa muda mrefu, kanisa lilipofika katika ile sehemu ya Sala ya Bwana tunapoomba kusamehewa kama tunavyosamehe, nilifunga mdomo na kuwaacha wengine waiseme kwa niaba yangu, kisha nikaungana nao penye majaribu na maovu. Kasisi aliliona hilo na hakunisema, jambo ambalo ninamshukuru hadi leo. Hasira yangu niliipeleka kwenye Zaburi ya 109, ambayo ina laana nzito kuliko nilizoweza kutunga mwenyewe, na baada ya kuzisoma mbele za Mungu sikuwa tena na hamu ya kuzirudia barabarani kila nilipomwona Msomali.

Aliyenisogeza zaidi alikuwa Mwislamu. Tarehe 21 Desemba 2015, al-Shabaab walilisimamisha basi huko Mandera na kuwataka abiria watengane kwa dini, kama walivyofanya katika kaunti hiyo hiyo Novemba 2014, walipoua watu 28. Safari hii abiria Waislamu waliwapa wanawake Wakristo vitambaa vya kujifunika, wakakataa kutengana nao. Mmoja wao, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 kutokana na majeraha yake. Mwalimu mwenzangu, ambaye hakuwahi kunijua, alikataa kutenganishwa na watu wa dini ya binti yangu. Jumapili iliyofuata kifo chake niliisema Sala ya Bwana yote, kwa sauti ya chini, na sikuona kwamba nimewadanganya walio kaburini.

Julai 2019 mahakama jijini Nairobi iliwahukumu watu watatu kuhusiana na shambulio lile, mmoja kifungo cha maisha na wawili miaka 41 kila mmoja. Shemeji alinipigia simu kuniuliza kama sasa moyo umetulia. Nilimwambia ni vyema hukumu imetolewa, na kwamba moyo hauna kesi mahakamani.

Wazazi wanaoletwa kwangu huwashauri waanzie Zaburi ya 13 ikiwa bado wanaweza kuimba, na ya 88 ikiwa hawawezi, na ya 109 waisome mlango ukiwa umefungwa, wasije wakawatisha watoto. Wale wanaokwenda kuwatembelea huwaambia wabebe sukari na majani ya chai, kwa kuwa vyote viwili huisha siku ya pili ya matanga, na waulize kama kuna jembe la ziada.