Kufuli tatu za kikoba

Huwa nakereka nikisikia mtu redioni akisema simu ndiyo imewafundisha akina mama kuweka akiba kwa vikundi. Mimi ni mwanakikoba, yaani mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Morogoro, tena kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa washika funguo. Ninavyoona mimi, simu ndiyo iliyokuja kujifunza kwetu.

Kwa asiyelijua sanduku letu: ni la bati zito, kalichomelea fundi wa mtaani, na lina kufuli tatu. Anayelitunza nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Funguo wanazo wanachama watatu wa nyumba tofauti. Asipofika mmoja, halifunguki. Siku ya kikao hela zinahesabiwa kwenye beseni katikati ya duara, macho yote hapo. Hisa, yaani fungu la akiba yako, unanunua moja hadi tano, na kila hisa unagongewa mhuri kwenye kitabu chako, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake mwenyewe. Kuna mfuko wa jamii kwa misiba na wagonjwa. Ukichelewa, faini. Kabla ya kufunga, salio linatangazwa kwa sauti na wote tunalikariri. Kikao kinachofuata anaulizwa mtu yeyote, "Tuliacha shilingi ngapi?" na akishajibu ndipo sanduku linafunguliwa.

Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, huko Maradi, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na michezo yao ya kupeana hela kwa zamu. Ukafika Tanzania, ukapita Zanzibar kwa watu wa kandokando ya msitu wa Jozani, ukabadilika sura kila ulipopita. Ukilitazama sanduku vizuri, kila kitu chake kimewekwa kwa sababu ya wasiwasi fulani: mwizi, mweka hazina mwenye tamaa, mume anayejua hela zilipo.

Simu nayo ina historia ya kupindwa na watu. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, Nairobi na Thika, ilikusudiwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho. Watu wakaitumia kwa mambo yao: wakatumiana wao kwa wao, wakalipana kwenye biashara, wengine wakaweka hela humo ili wasisafiri nazo mfukoni. Ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lake likawa kutuma pesa nyumbani. Marejesho hayo yakawekwa kando.

Ila kwa kikundi bado ilikuwa na kasoro kubwa. Laini ina mwenyewe mmoja na namba ya siri moja. Vikundi vingi vilivyokimbilia simu viliweka hela kwenye laini ya mweka hazina, yaani kufuli tatu zikarudi kuwa moja. Kikundi cha jirani zetu kilisambaratika hivyo: mweka hazina alifariki, hela zikabaki kwenye laini yake, wanachama na wafiwa wakavutana mpaka wakaacha kusalimiana.

Ndiyo maana M-Koba, huduma ya simu ya akiba za vikundi, ilipokuja mwaka 2019, ya Vodacom na benki ya TPB, nilifurahi kweli. Hela za kikundi hazitoki mpaka viongozi waidhinishe, kila mmoja kwa simu yake, na wanachama wanapata ujumbe. Nikamwambia mwenyekiti wetu, "Mama, hizi si ndizo funguo zetu?" Akanijibu, "Na huo ujumbe ndiyo lile salio tunalokariri." Ameona sawasawa. Aliyepanga menyu ile alikuwa ametusikiliza.

Kilichoachwa nje ni mhuri. Tuna bibi mmoja kikundini, muuza mboga, hasomi. Kitabu chake anakipitia kwa kidole, mhuri baada ya mhuri, na hakuna wa kumdanganya hata hisa moja. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake ya kitochi inabidi amwite mjukuu amsomee, na siku ya kuweka hela mjukuu huyohuyo anatajiwa namba ya siri. Hili linaniuma sana, kwa sababu vikoba vilianza kwa ajili ya watu kama yeye. Na kuna vikundi vikishahamia kwenye simu vinaacha kabisa kukutana. Mtu anachelewesha rejesho, anaandikiwa deni, na hakuna aliyejua kwamba mwanawe amelazwa.

Sisi tuliamua hela zikae kwenye simu, kikao kibaki Alhamisi kama kawaida, vitabu viendelee kugongwa mihuri, na faini ya kuchelewa iko palepale.

Vijana mnaotengeneza hizi huduma, nawaomba mje mkae kikao kizima, kuanzia kuhesabu hadi kufunga. Tengenezeni ya kitochi kwanza, maana wenye simu janja kikundini kwetu ni wachache. Halafu mtafute namna ya bibi yule kusomewa salio lake kwa sauti, Kiswahili cha kawaida, bila kumwita mjukuu.